Mchongaji wa Inukjuak na barafu isiyo yake

Mwaka 1953, London ikiwa katika shamrashamra za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, jumba la sanaa la Gimpel Fils liliweka maonyesho ya sanamu za mawe zilizochongwa na Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada. Kiangazi cha mwaka huohuo, mmoja wa wachongaji wao waliosifiwa mno alipandishwa meli ya serikali pamoja na familia yake, akapelekwa zaidi ya kilomita 2,000 kaskazini mwa kwao, kwenye pwani ambayo hakuwa ameiona maishani. Jina lake Akeeaktashuk. Kwenye kumbukumbu nyingine limeandikwa Paddy Aqiatusuk. Mwaka uliofuata alikufa akiwa kwenye mawindo ya walrasi, mnyama mkubwa wa bahari ya baridi mwenye pembe mbili ndefu kinywani.

Nimekichukua kisa chake kwa sababu kinanisumbua. Sanamu za Wainuiti huelezwa mara nyingi kana kwamba uwindaji ni mada tu ambayo msanii ameipenda, kama mwingine anavyopenda kuchora maua. Ukifuata maisha ya mtu huyu mmoja na kijiji chake unaona jambo jingine: mkono uliochonga na mkono uliorusha chusa ulikuwa mmoja, na pesa ya sanamu ilirudi baharini ikawa risasi. Waliokuwa na mamlaka juu yake walizitazama kazi hizo mbili kama vitu viwili visivyojuana, na hapo ndipo madhara yalipoanzia.

Mbweha na deni la duka

Inukjuak iko pwani ya mashariki ya Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa jimbo la Quebec. Siku hizo ramani ziliiita Port Harrison. Watu waliishi katika kambi ndogo za koo, wakiwafuata wanyama kwa majira yao: sili, mnyama mnene wa baharini anayepumua hewa, mwaka mzima, samaki mitoni, ndege na mayai ukianza msimu wa joto, walrasi kwenye visiwa vya mbali, kulungu wa kaskazini bara.

Juu ya maisha hayo wafanyabiashara walipachika kitu kingine, yaani ngozi ya mbweha mweupe. Kampuni ya Hudson's Bay ilikuwa na duka hapo. Mwindaji alichukua bunduki, risasi, chai, unga na turubai kwa mkopo, akalipa kwa ngozi majira ya baridi yakiisha. Ubaya wa mpango huu ni kwamba mbweha hakuwa kitoweo cha watu wale. Siku unayozungukia mitego ni siku ambayo hukukaa kwenye tundu la sili, na ukikosa sili huna nyama, huna mafuta ya kuwashia taa, huna chakula cha mbwa wa kuvuta sleji. Kwa hiyo kadiri mtu alivyozidi kumtega mbweha ndivyo alivyozidi kulihitaji duka, na kadiri alivyolihitaji duka ndivyo alivyozidi kumtega mbweha. Bei ya ngozi ikiwa nzuri, mzunguko huo uliendeshana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 bei ya mbweha mweupe ikaporomoka vibaya, huku bei ya risasi na unga haikuporomoka nayo.

Katika hali hiyo, mwaka 1948, akashuka kwa ndege kijana mchoraji kutoka kusini aitwaye James Houston. Kwa simulizi yake mwenyewe, alichora sura za watu, na mtu mmoja akamnyooshea ngumi iliyofumbwa, akaifumbua: ndani mlikuwa na kulungu mdogo wa jiwe. Houston akadhani ni kitu cha kale kilichookotwa. Kumbe kilikuwa kimechongwa na mtu aliyesimama mbele yake. Akavibeba vichache hadi Montreal, kwa chama cha kazi za mikono cha Canadian Handicrafts Guild, nao wakamrudisha mwaka 1949 akiwa na fedha za kununulia. Alinunua vipande vipatavyo 1,000. Mauzo ya Novemba mwaka huo yaliisha kwa siku tatu, meza zikabaki tupu.

Hapa nisimame kidogo, maana sehemu hii husimuliwa kana kwamba Houston ndiye aliyeileta sanaa. Hakuileta. Wainuiti walikuwa wakichonga tangu enzi za mababu: vichwa vya vyusa, vibao vya kukinga macho na mng'ao wa theluji, vikuku, hirizi, wanyama wadogo wa pembe za walrasi. Jiwe laini pia hawakufundishwa na mtu. Taa yao, qulliq, ni bakuli la jiwe linalochomwa mafuta ya sili, na ndiyo iliyopasha moto nyumba ya theluji, ikayeyusha maji ya kunywa na kukausha viatu. Jiwe lenyewe ni jamaa wa lile linalochongwa Tabaka kule Kisii, lile linalokwaruzika hata kwa ukucha, ingawa la Inukjuak mara nyingi ni gumu zaidi na lina rangi ya kijani kibichi au kijivu. Alicholeta Houston ni mnunuzi. Si jambo dogo, lakini tuliite kwa jina lake.

Kilichomo ndani ya jiwe

Tazama sanamu ya mwindaji ya siku hizo kutoka Inukjuak, kubwa kiasi cha kushikika kwa mikono miwili. Mtu ameinama, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo mpana ndani ya koti la ngozi, kichwa kimeelekezwa chini. Mkononi ana chusa cha pembe ya walrasi, kimechomekwa kwenye kitundu kilichotobolewa ngumini. Ukiichomoa pembe, ngumi inabaki imekunjika ikiwa na shimo katikati.

Kwa nini pembe? Kwa sababu jiwe hili halikubali kuwa jembamba. Ukilichonga fimbo litakatika kabla hujalipiga tupa ya mwisho. Basi vyote vyembamba, chusa, kisu, makasia, hata sura ya mtu wakati mwingine, huchongwa kwa pembe na kupachikwa. Pembe hiyo haikununuliwa dukani. Ilitoka kwenye walrasi aliyeuawa na mchongaji mwenyewe au jirani yake, nyama yake ikiwa imeshaliwa na watu na mbwa. Kwa hiyo kabla sanamu haijamwonyesha mwindaji, yenyewe ni zao la mawindo.

Sasa mkao ule. Sili wa majira ya baridi hutoboa matundu kadhaa ya kupumulia kwenye barafu ya bahari na kuyaweka wazi kwa kucha zake. Theluji huyafunika, na mbwa ndiye anayeyanusa. Mwindaji huchomeka kijiti chembamba tunduni, kisha anasimama juu ya kipande cha manyoya ili nyayo zisitoe sauti, maana barafu hupitisha sauti kama ngozi ya ngoma. Anainama. Anangoja. Pengine saa moja, pengine saa nyingi, katika baridi ya kukausha jicho, bila kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Kijiti kikitikisika, sili amefika. Chusa kinashuka wima, mara moja. Kichwa cha chusa kinachomoka kutoka mpini wake, kinapinduka chini ya ngozi na kukaa kama kifungo kilichopita tunduni, na kamba inabaki mkononi. Wavuvi wetu wa pwani wanaokijua chusa wataelewa mara moja uzuri wa kichwa kinachopinduka: mnyama akivuta, ndiyo kwanza kinazidi kushika.

Mtu aliyesimama hivyo miaka thelathini hahitaji kielelezo. Magoti ya sanamu yamekunjwa kwa kiwango kilekile anachokikunja yeye, uzito umekaa kwenye visigino palepale unapokaa uzito wake. Watazamaji wa London na Montreal waliusifu utulivu wa sanamu hizi. Waliona sawa. Ila utulivu ule haukuwa mtindo wa kisanaa; ulikuwa ndiyo mbinu yenyewe ya kupata chakula. Kadhalika wanyama. Sili wa jiwe ana unene pale penye mafuta kwa sababu aliyemchonga amempasua mara zisizohesabika, anajua mbavu zinaanzia wapi na bega limefungwaje. Dubu mweupe anachongwa shingo ndefu na kichwa kilichoshuka, kwa sababu hivyo ndivyo anavyotembea anaponusa harufu ya mtu.

Na kuna desturi ya zamani inayosaidia kuelewa heshima iliyomo. Sili akivutwa juu, humwagiwa maji matamu kinywani. Anaishi kwenye maji ya chumvi, ana kiu. Ukimnywesha, roho yake haitawazuia sili wengine kuja tena kwako. Ukiijua desturi hiyo, ile hamu ya kumchonga mnyama vizuri, kwa mistari safi isiyomdhalilisha, haikushangazi. Neno lenyewe la Kiinuktituti kwa kazi hii, sanannguagaq, lina maana ya kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kitu kingine, kwa udogo.

Akeeaktashuk, aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa kiongozi wa kambi na mwindaji kwanza. Watu wake ni wanene, wa mviringo, wamejaa uhai. Wawindaji, mama na watoto, ndege. Alikuwa mtu mzima wa makamo soko lilipomfikia. Haikuwa kazi ya kujifunza upya. Alikuwa na maarifa ya miaka hamsini, sasa yakapata mnunuzi.

Jambo moja kuhusu soko hilo linahitaji kusemwa. Mwaka 1951 kilisambazwa kijitabu chenye michoro ya Houston cha kuwaonyesha Wainuiti vitu ambavyo wanunuzi wa kusini wangevipenda, vikiwemo vifaa vya mezani vya nyumba za wazungu, hata ubao wa kuhesabia alama za mchezo wa karata. Watu waliviiga kwa utii, na vilikuwa vibovu kuliko vyote walivyowahi kutengeneza. Sioni ajabu. Hakuna aliyewahi kuusubiri ubao wa karata kwenye barafu. Wakati huohuo soko lilipenda mwindaji wa chusa na kumpita mwindaji wa bunduki, ingawa bunduki ilikuwa imeshaingia kila kambi na ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa risasi kwa pesa ya sanamu zile.

Na chini ya sanamu nyingi za miaka hiyo, pageuze, utakuta herufi E na tarakimu. Si namba ya bidhaa. Tangu mwaka 1941 serikali iliwapa Wainuiti visahani vyenye namba za kuvaa shingoni, kwa kuwa maafisa walishindwa kuandika majina yao. E ni ya mashariki. Wachongaji wakaziandika namba hizo kama saini.

Meli ya 1953

Maafisa wa serikali walikuwa na maelezo yao kuhusu Inukjuak: watu wamekuwa wengi kuliko wanyama, wanategemea duka na posho, wanazoea vibaya. Dawa, walisema, ni kuwarudisha kwenye uwindaji, huko juu kabisa, kwenye visiwa vya Aktiki vilivyokuwa vitupu. Kwamba visiwa hivyo vilikuwa vitupu wakati Kanada ikiwa na wasiwasi juu ya mamlaka yake Aktiki, Marekani ikiwa na wanajeshi wake kaskazini, ni jambo ambalo maafisa hawakulitangulizia mbele. Tume ya kifalme iliyochunguza suala hili miaka ya 1990 ilitaja mamlaka juu ya ardhi kuwa miongoni mwa sababu, ikasema pia kwamba watu hawakupata nafasi ya kweli ya kukataa.

Familia za Inukjuak zilipakiwa kwenye meli C.D. Howe. Familia nyingine chache kutoka Pond Inlet, waliozoea giza na barafu ya kaskazini, ziliongezwa ili ziwasaidie. Wahamishwaji waliahidiwa kwamba baada ya miaka miwili wasipopenda watarudishwa. Wakiwa tayari wamefika mbali ndipo walipoambiwa hawatakaa pamoja: wengine wangeshushwa Craig Harbour, kusini mwa kisiwa cha Ellesmere, wengine Resolute, kwenye kisiwa cha Cornwallis. Ndugu wakatenganishwa palepale kwenye meli. Pamoja na safari ya pili ya mwaka 1955, waliohamishwa walifika watu wapatao 90.

Hapa ndipo uchambuzi wangu unapogota. Ofisini, neno uwindaji lilichukuliwa kama ufundi wa jumla, kitu unachoweza kukihamisha pamoja na sufuria na hema. Mwindaji ni mwindaji, mpeleke penye wanyama atawinda. Sanamu zilizokuwa zikisifiwa kusini zilikuwa ushahidi wa kinyume chake, kama kungekuwa na mtu wa kuzisoma. Kila moja ilikuwa imejaa maarifa ya mahali: aina ya barafu, mwendo wa mnyama fulani katika mwezi fulani, upepo unaojulikana kwa jina.

Huko walikoshushwa, jua huzama mwanzoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi Februari. Inukjuak hata Desemba huliona kila siku kwa saa chache. Resolute kwa Kiinuktituti ni Qausuittuq, mahali pasipopambazuka. Theluji ya kujengea nyumba haikutosha, wakakaa kwenye mahema baridi ikiingia. Ndege wengi waliowazoea hawakuwapo, wala matunda madogo ya porini. Sheria za ulinzi wa wanyama ziliwabana wasiwinde kulungu kama walivyozoea, na wale wanyama wakubwa wenye manyoya marefu wa Ellesmere walikuwa marufuku kabisa. Walilazimika kujifunza upya kuwinda gizani, kuisoma barafu inayotembea kwa njia nyingine, kumfuata mnyama kwa majira wasiyoyajua. Na walijifunza, mengine kutoka kwa wale wa Pond Inlet, mengine kwa gharama yao wenyewe.

Akeeaktashuk hakupata muda. Kiangazi cha mwaka 1954 alianguka kutoka kwenye kipande cha barafu akiwinda walrasi, akafa maji. Walrasi walikuwa hatari hata Inukjuak, na siwezi kudai kwamba angesalimika kwao. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaribia umri wa miaka sitini, mkuu wa kambi yake, aliyejulikana hadi nje ya Kanada kwa jinsi alivyomjua mwindaji ndani na nje, alikufa katika mwaka wake wa kwanza kwenye bahari ambayo hakuichagua, aliyopelekwa ili akawe mwindaji. Mwanawe wa kambo, Josephie Flaherty, aliletwa mwaka 1955 pamoja na familia yake. Josephie alikuwa mtoto wa Robert Flaherty, Mmarekani aliyekuja Inukjuak mwaka 1920 kupiga filamu ya mwindaji wa Kiinuiti iliyopendwa dunia nzima, akaondoka, asirudi.

Sanamu inayonunua risasi

Ahadi ya miaka miwili haikutekelezwa. Ilichukua hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo watu wapatao 40 waliporudishwa Inukjuak kwa gharama ya serikali. Mwaka 1996 ukawekwa mfuko wa fidia wa dola milioni 10. Maneno ya kuomba radhi yalitolewa tarehe 18 Agosti 2010.

Sanaa yenyewe iliendelea, na ilivyoendelea inathibitisha uhusiano ninaousemea. Mwaka 1958 serikali ilianzisha lebo yenye alama ya nyumba ya theluji, ili mnunuzi ajue sanamu ni ya mkono wa Mwinuiti na si nakala ya kiwandani. Tangu 2017 lebo hiyo iko mikononi mwa taasisi ya sanaa ya Wainuiti wenyewe. Vyama vya ushirika vilianzishwa kijiji baada ya kijiji, na fedha zikabaki kijijini.

Kisha mwaka 1983 Ulaya ikapiga marufuku ngozi za watoto wa sili weupe. Wainuiti hawakuwa wakiwawinda hao. Wao huwinda sili wakubwa, hasa wa aina ya mabaka ya duara. Lakini mnunuzi wa mbali hakutofautisha, na soko la ngozi zote likafa. Mwindaji aliyekuwa akila nyama na kuuza ngozi akabaki na nyama tu, na petroli ya mashine ya theluji hailipwi kwa nyama. Familia nyingi zikaegemea jiwe: mtu anachonga wiki nzima, anauza, ananunua mafuta na risasi, anatoka kwenda barafuni, analeta sili anayegawanywa kwa ndugu na wazee. Ulaya ileile iliyoikataa ngozi iliendelea kuiweka sanamu ya mwindaji wa sili sebuleni. Jambo hili linaniuma, na nadhani kila anayependa sanamu hizi anapaswa kulijua kabla hajazungumzia utulivu wake.

Mwaka 2010, baada ya kuombwa radhi, minara miwili ya ukumbusho ilisimamishwa kaskazini, na waliopewa kazi hawakuwa wajenzi wa serikali bali wachongaji. Grise Fiord, makazi yaliyotokana na ile kambi ya Craig Harbour, kazi ilifanywa na Looty Pijamini: mwanamke, mtoto wake, na mbwa. Resolute ilifanywa na Simeonie Amagoalik, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliohamishwa kutoka Inukjuak: mwanamume mmoja peke yake. Hakuna aliyeshika chusa. Kati ya minara hiyo miwili pana karibu kilomita 400 za maji na barafu. Mwanamke ametazama upande wa Resolute, mwanamume ametazama upande wa Grise Fiord.